Kipepeo Mrukaji na Jina Lake

Mfasiri wa vitabu vya biolojia afikapo penye wadudu wa familia ya Hesperiidae hana budi kusita. Lugha yetu ina kipepeo na ina nondo. Mdudu huyu ana mwili mnene kama nondo, lakini wengi wa jamii yake huruka mchana, tena kwa kushtukashtuka. Mtu aweza kushawishika kumwita nusu-nondo. Kabla ya kulikubali jina hilo, yafaa tutazame alivyoainishwa na waliotutangulia.

Mwaka 1758 Linnaeus aliwatia vipepeo wote katika jenasi moja, Papilio, akawagawa kwa vyeo mithili ya raia wa dola ya kale. Warukaji aliwaweka miongoni mwa makabwela, akawaita wakazi wa mjini. Jina linachekesha, ila halitaji sifa hata moja ya mdudu mwenyewe. Latreille aliwatenga kuwa familia mwaka 1809, na tangu hapo zikatafutwa sifa wanazoshirikiana: vipapasio vilivyoachana sana mashinani, ambavyo aghalabu ncha zake zimepinda kama ndoana; vena za bawa la mbele zisizo na matawi; na kiwavi mwenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba, ambaye mara nyingi hukunja jani akalifanya nyumba. Mkulima wa mpunga huenda amekwisha kumwona.

Kwa muda mrefu sifa hizo zilichukuliwa kuwa hoja ya kuwaweka nje ya vipepeo halisi. Euschemon rafflesia wa Australia alizidisha mashaka, kwa kuwa dume lake lina kishikizo kiungacho bawa la mbele na la nyuma, kama nondo wengi. Lakini sifa ya kale, iliyoenea katika ukoo mzima, haituambii nani ni ndugu wa karibu wa nani. Undugu hudhihirishwa na sifa mpya iliyoanza kwa mzazi mmoja, wakairithi wazao wake peke yao.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 na 2014 uliwaweka warukaji ndani ya vipepeo. Tena familia ya Papilionidae, ambayo hakuna aliyewahi kuiita nondo, ilijitenga kabla yao. Kwa hiyo nusu-nondo ni jina la kosa lililokwisha kusahihishwa. Sisi tunapendekeza kipepeo mrukaji. Vilevile tunawaomba wafasiri watenge istilahi mbili, urithi wa pamoja na mfanano, ambazo katika miswada mingi tuionayo zote huandikwa «kufanana».