Ahadi za Tabianchi na Bei ya Kupikia: Kibera na Kawangware, 1981–2023

Historia ya sera ya tabianchi nchini Kenya huandikwa kwa kufuata mikutano mikuu na hotuba za viongozi, lakini katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako wakazi wengi hununua nishati ya kupikia kadiri ya mahitaji ya siku, historia hiyo husomeka vizuri zaidi katika bei ya makaa, mafuta ya taa na gesi. Muuza githeri wa Gatina, huko Kawangware, au wa Laini Saba, huko Kibera, ambaye hutokosa mahindi na maharagwe kwa saa nyingi kabla ya kuuza sahani ya kwanza, hununua makaa kwa mkebe na hana ghala la kumkinga bei inapopanda. Kwa hiyo uamuzi wa Hazina ya Taifa, yaani wizara inayosimamia kodi na matumizi ya serikali, humfikia upesi kuliko hotuba yoyote.

Mnamo Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, wakati Rais Daniel arap Moi alipokuwa akitawala nchi iliyosumbuliwa na bei ya petroli pamoja na uhaba wa kuni. Katika miaka iliyofuata lilienea jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, ambalo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand na likatengenezwa na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo zisizo rasmi. Kwa kuwa udongo huhifadhi joto, jiko hilo lilipunguza makaa yanayohitajika, na kwa kuwa liliuzwa sokoni kama bidhaa nyingine, manufaa yake hayakusubiri bajeti ya kila mwaka.

Nishati yenyewe haikupata uthabiti huo. Mwaka 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia na kuyatoza mafuta ya taa ushuru, ili familia zihamie kwenye nishati safi. Mpango huo ulikuwa na mantiki, ila mwenye kipato cha kutwa huweza kununua mafuta ya taa ya shilingi chache, ilhali gesi humdai kwanza bei ya mtungi na kichomeo. Februari 2018, William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na makaa yakapanda bei. Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili kuzuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini zote mbili zililiangukia jiko moja. Kisha, Julai 2021, kodi ya gesi ilirudishwa kwa asilimia 16.

Alipoapishwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, tarehe 13 Septemba 2022, Rais Ruto alizungumzia mambo mawili katika hotuba moja: aliutaka ulimwengu uache kutegemea nishati ya visukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na akasema ruzuku ya mafuta, ambayo ni fedha za serikali za kupunguza bei kwa mnunuzi, imewagharimu walipa kodi shilingi bilioni 144 na haiwezi kuendelea. Siku iliyofuata lita ya mafuta ya taa jijini Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 127.94 hadi 147.94.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliiondolea gesi kodi tena, lakini ikapandisha ile ya petroli na jamii yake kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwezi Julai Rais aliiondoa marufuku ya ukataji miti aliyoitangaza mwenyewe miaka mitano awali, na mwanzoni mwa Septemba Nairobi ikapokea Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, ambao azimio lake lilidai kodi ya kimataifa ya kaboni, yaani tozo kwa hewa ya ukaa inayotolewa. Katikati ya mwezi huohuo, bei ya mafuta duniani na udhaifu wa shilingi vikichangia, lita ya mafuta ya taa ilifika shilingi 202.61.

Mfululizo huu hauonyeshi kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa sera bora, kwani ilimnufaisha pia mwenye gari kubwa wa Lavington, jirani ya Kawangware. Unachoonyesha ni kwamba maskini aliondolewa nishati chafu kabla ya kuwezeshwa kupata iliyo safi, na kwamba nafuu ya gesi, iliyotolewa, ikanyang'anywa na kurudishwa katika miaka saba, haikumpa mtu yeyote msingi wa kupanga maisha yake. Kauli ya kiongozi kuhusu tabianchi inastahili kuaminiwa pale inapotengewa fedha katika bajeti, ikaanza na anayepikia makaa ya mkebe, na ikadumu baada ya bajeti inayofuata kusomwa.