TANURI LA MOSHI NA MTU WA KUKESHA

Somo la leo ni la historia, ingawa mtu akilisikia kwa mbali anaweza kudhani amefungua kipindi cha upishi. Tutazungumza juu ya tanuri la moshi, yaani kile chombo cha chuma au cha udongo ambacho watu wa Marekani hukiweka uani, wakatia humo pande kubwa la nyama na kuliacha liive kwa moshi na joto dogo kwa saa nyingi. Mapishi hayo wenyewe huyaita babekyu.

Jamaa zetu wengi wanaishi Marekani siku hizi, na wako wanaotuuliza: kati ya matanuri yote yaliyopangwa dukani, mtu anunue lipi? Swali ni zuri, lakini si rahisi kulijibu kwa kutazama rangi na bei tu. Yafaa kwanza tujue vyombo hivi vimetoka wapi. Nitawaonyesheni kwamba kila kimoja kimebuniwa ili kujibu swali lile lile: ni nani atakayekesha na moto?

Neno lenyewe Wahispania walilipata visiwani Karibi, kwa watu wa kabila la Wataino. Barbacoa kilikuwa kichanja cha vijiti kilichoinuliwa juu ya ardhi, na juu yake nyama au samaki walibanikwa polepole. Sisi tunaokijua kichanja cha kubanikia samaki hatuhitaji kuchorewa picha. Waingereza walipokwisha kufanya makao yao Virginia na Carolina, mapishi hayo yakashuka chini: likachimbwa shimo refu kama mtaro, zikalazwa fito juu yake, na juu ya fito nguruwe au kondoo mzima.

Sikilizeni vizuri jinsi shimo lilivyofanya kazi, maana matanuri yote ya leo yameliiga. Kuni ngumu, kama za mwaloni au hikori, zilichomwa kando mpaka zikawa makaa. Makaa yakachotwa kwa koleo na kutandazwa chini ya nyama, machache machache. Yakizidi, nyama inaungua nje na kubaki mbichi ndani. Yakipungua, nyama inapoa na kuharibika. Hapakuwa na kipimajoto. Mpishi alipima kwa kiganja, kwa pua, na kwa kusikiliza mafuta yakidondoka. Nguruwe mzima huchukua usiku kucha, na usiku kucha mtu huyo alizunguka shimo na koleo lake, akipaka nyama siki na pilipili.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa mtumwa. Sherehe za mabwana wa mashamba, mikutano ya siasa, sikukuu ya Julai 4, kote huko waliokaa na moto walikuwa watu wenye asili ya Afrika. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma waandishi kukusanya maneno ya wazee waliowahi kuwa watumwa. Walipatikana zaidi ya 2,000, na mmoja wao, mzee wa South Carolina, alieleza jinsi alivyokuwa akikesha usiku mzima akiipikia nyama na kuipaka dawa yake. Vitabu vya mapishi vya zamani humtaja bwana mwenye karamu. Mkeshaji hatajwi.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, ujuzi huo ulisafiri na wenyewe. Henry Perry, mtu mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis, alianza kuuza nyama ya moshi mjini Kansas City mnamo mwaka 1908, akiifunga katika magazeti. Mji huo leo unajulikana duniani kwa babekyu, na wenyeji humwita yeye baba wa kazi hiyo. Kule Texas, wachinjaji nyama waliotoka Ujerumani na nchi ya Wacheki walijenga mashimo ya matofali juu ya ardhi, yenye dohani. Shimo likawa nyumba, lakini mtu wa kukesha alibaki pale pale.

Sasa tunafika kwenye duka. Katika miaka ya 1920 Henry Ford, yule wa magari, alikuwa na mabaki mengi ya mbao katika viwanda vyake vya Michigan. Akayageuza makaa, yakasagwa, yakachanganywa na wanga na kushindiliwa kuwa vitofali vidogo vinavyolingana. Faida yake ni kwamba kila kitofali huwaka sawa na mwenzake, basi mtu asiye na ujuzi aweza kuhesabu vitofali badala ya kusoma moto. Mwaka 1951 biashara hiyo ilinunuliwa na wengine na kupewa jina la Kingsford, nalo lingali madukani.

Mwaka uliofuata, 1952, fundi mmoja aitwaye George Stephen, wa kiwanda cha Weber Brothers huko Chicago, alichoka na upepo na mvua vilivyoharibu nyama yake. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza maboya ya chuma. Akachukua boya la mviringo, akalikata vipande viwili: la chini likawa jiko, la juu likawa kifuniko. Akatoboa matundu ya hewa chini na juu.

Matundu hayo ndiyo jambo kubwa, wasikilizaji, kuliko kifuniko chenyewe. Moto hula hewa. Ukilifungua tundu, moto hupanda, ukilifinya, hushuka. Kumbe kazi yote ya yule mtu wa koleo, ya kuongeza na kupunguza, sasa ilikaa katika kibati kimoja cha kusukuma kwa kidole. Familia zilizohamia vitongoji vipya baada ya vita ya pili ya dunia zililipenda jiko hilo, na matangazo ya biashara yakamwonyesha baba wa nyumbani, Mzungu, amevaa aproni na kushika uma, kana kwamba mapishi haya yamezaliwa uani kwake juzi.

Wakati huo huo, Birmingham, Alabama, palikuwa na mkahawa ulioitwa Ollie's Barbecue. Wafanyakazi wake walikuwa 36, na thuluthi mbili yao watu weusi. Lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kuketi mezani. Alinunua na kwenda zake. Sheria ya haki za raia ilipopitishwa mwaka 1964, wenye mkahawa walishtaki serikali, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi. Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote tisa waliamua kwamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyama ilitoka nje ya jimbo, sheria ya taifa inauhusu mkahawa huo. Basi haki ya kuketi na kula babekyu ilipatikana kwa hoja ya mahali nyama ilikotoka. Wanasheria wana njia zao.

Turudi kwenye vyombo. Huko Texas, katika miaka ya 1980, mafundi wa kuchomelea walichukua mabomba mazito ya mafuta ya petroli, wakayageuza matanuri: chumba kirefu cha nyama, na ubavuni mwake chumba kidogo cha moto. Moto hauwi chini ya nyama. Moshi na joto hupita tu juu yake na kutoka kwa dohani. Hili ndilo linalokaribia zaidi shimo la kale kwa ladha, na pia kwa taabu, kwani linataka kipande cha kuni kila baada ya dakika 30 au 45. Mtu anayelinunua ajue kwamba ananunua kukesha.

Mwenye kutaka kulala kidogo ana njia nyingine. Liko tanuri la wima, kama pipa, lenye makaa chini, bakuli la maji katikati na nyama juu. Weber walitoa la kwao mwaka 1981, nalo hukaa saa nyingi bila kuguswa. Mafundi wa nyumbani hulitengeneza kwa pipa la galoni 55, yaani karibu lita 208. Sisi hulipasua pipa kama hilo kwa urefu tukachomea nyama upesi, bila kifuniko. Lakini chagueni pipa lililobeba chakula, rangi yake yote ichomwe kabla, na msitumie bati lililopakwa zinki, kwa maana mvuke wake ukipata moto mkali huleta homa.

Liko pia tanuri la udongo mnene, kama yai, asili yake meko ya Kijapani ambayo askari wa Marekani waliyapenda baada ya mwaka 1945. Ed Fisher alifungua duka la kuyauza Atlanta mwaka 1974. Hutumia makaa machache mno, lakini ni zito, na likianguka hupasuka. Na mwisho liko lile la Joe Traeger wa Oregon, la miaka ya 1980, ambalo mota ya umeme hutilia motoni vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Hapo mkeshaji ni umeme. Moshi wake ni mwepesi, na umeme ukikatika chakula cha wageni kimekatika.

Kwa mtu anayeanza, mimi ningempa lile la wima. Anajifunza matundu ya hewa bila kuchoka, na halimli mshahara wote. Anunue na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, kwani saa ya kifunikoni hudanganya.

Joto la tanuri liwe kati ya digrii 107 na 135 za Selsiasi. Kidari cha ng'ombe chataka saa 10 hadi 14, mpaka ndani kifike karibu 93, ndipo kano ngumu zimeyeyuka. Njiani kikifika 65 au 70 joto husimama, pengine kwa saa nyingi, na hapo ndipo wengi hutia makaa zaidi na kuharibu. Nyama inatoka jasho tu, na jasho linaipoza kama linavyotupoza sisi. Mngojeni. Moshi uwe mwembamba wa samawati. Ule mweupe mzito huleta uchungu. Kuni ziwe kavu, zisiwe za msonobari wala mbao zilizopakwa rangi. Wasikilizaji wa Baringo watafurahi kujua kwamba kuni za meskiti zinazosifiwa Texas ni ndugu wa mathenge wanaoulaani kila siku. Na tanuri lisiwashwe ndani ya nyumba wala gereji, hata mvua ikinyesha: hewa ya makaa haina harufu, nayo huua.

Anayenunua lililokwisha kutumika aufunge mlango wake na kutazama kama mwanga unapita. Kisha alipige kwa vidole. Chuma kizito huitikia kwa sauti nzito na hushika joto. Chembamba hulia kama debe, na kila upepo unapovuma mwenye tanuri huinuka kitini.

Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma historia ya chumvi. Kwaherini.