Reli Inapoishia: Somo Kutoka Mikese

Kiswahili kina tabia ya kuhifadhi vitu ambavyo teknolojia imekwisha kuvitupa. Bado tunasema gari la moshi, ingawa tangu tarehe 14 Juni 2024 treni kati ya Dar es Salaam na Morogoro inakwenda kwa umeme. Bado tunasema simu, neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya waya, ilhali simu iliyo mfukoni mwako, ndugu msomaji, haina waya ila ule wa kuichaji. Wazee wetu walipoletewa telegrafu isiyo na nyaya waliiita simu ya upepo, yaani waya wa upepo, wala hawakuona mgongano wowote.

Maneno yamehifadhiwa vizuri. Tulichoshindwa kukihifadhi ni kumbukumbu ya mtu anayesimama pale mashine inapoishia. Kwa ajili yake naomba twende Mikese, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Morogoro.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro mwishoni mwa 1907 na Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ilipofika huku, majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Lettow-Vorbeck na askari wake walirudi nyuma kusini, wakiizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki na Rufiji, na nyuma yao wakavunja madaraja ya reli. Kusini huko hakukuwa na reli. Kwa hiyo Mikese ikageuzwa kuwa bohari kubwa: chakula, risasi na dawa vilishushwa stesheni, vikaelekezwa Tulo na Duthumi kwa njia iliyopita mashariki ya milima.

Vituko vya mashine vilikuwa vingi, na vingine vinachekesha. Madaraja yalipokuwa hayajatengenezwa, wahandisi wa jeshi waliyabadilisha magurudumu ya malori yao na kuyaendesha juu ya reli kama mabehewa. Hapo ubunifu ulishinda. Lakini barabara ya kusini ilikuwa na tope, na mvua za mwanzo wa 1917 zilipozidi, malori yalizama. Farasi na nyumbu nao walikufa kwa ndorobo. Ikabaki mashine moja tu isiyohitaji barabara, nayo ni kichwa cha mpagazi.

Nawaomba wanafunzi wangu wapige hesabu hii wenyewe. Mpagazi mmoja abebe kilo 25 za unga, ale kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 zimekwisha njiani kwa chakula chake. Askari aliye mbele anapata kilo 5. Ukitaka kumlisha askari huyo vizuri, ongeza wapagazi. Na kila unayemwongeza naye ana tumbo. Kwa hiyo reli, tuliyoambiwa imekuja kuwapumzisha wapagazi, wakati wa vita iliwadai kwa wingi usiopata kuonekana. Reli ilimwaga mzigo kwa kasi ya injini mahali ambapo ungeendelea kwa kasi ya mguu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki wanakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Kila siku tunanunua nguo na vitunguu juu ya kambi yao.

Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kumbukumbu mbovu: majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikutambulikana. Mtu alijulikana vya kutosha kubebeshwa mzigo, lakini hakujulikana vya kutosha kulipwa.

Nasogea karibu na wakati wetu. Mwaka 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwisho wa zoezi ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Kusudi lilikuwa jema: kupunguza utapeli. Lakini ncha ya kidole cha mtu aliyeshika jembe miaka 40 husuguliwa hata michirizi ikafifia. Anaweka kidole, mashine inakataa. Anafuta kwenye kanga, anaweka tena, inakataa. Karani anasema, “Mama, kidole chako hakisomeki.” Ni kauli ya kushangaza ukiitafakari. Kidole kina kasoro, mashine haina. Vivyo hivyo tunaposema mtandao unasumbua, anayerudi kesho kwa nauli yake ni mteja.

Msomaji asidhani napendekeza turudi kwenye misafara. Fedha kwa simu imemwondolea mkulima wa mlimani safari nyingi za hatari akiwa na noti kiunoni, na treni ya umeme ni ushindi ambao naufurahia. Hoja yangu ni finyu zaidi. Kila mashine ina mahali inapoishia, na watawala huhesabu kilomita za mashine bila kuhesabu hatua za anayepokea mzigo pale.

Treni mpya husimama Ngerengere na Morogoro. Mikese iko katikati, haina kituo chake. Uamuzi huo una mantiki ya kihandisi, kwani treni inayosimama kila kijiji haiwezi kwenda kasi. Basi itajwe wazi ni nani anayemfikisha abiria wa Mikese kituoni, na kwa nauli gani. Kwa sasa jibu ni basi dogo au kijana wa bodaboda, ambaye hata mashina ya ndizi za Uluguru huyashusha kwa pikipiki yake. Yeye ndiye mpagazi wa karne hii. Tofauti na wale wa 1917, tunalifahamu jina lake na namba yake ya simu. Hatutakuwa na kisingizio cha kumbukumbu mbovu.