Mwenye Gazeti na Mwenye Kalamu

Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906, na baadaye kiwanda chao cha chapa kikatoa vitabu vingi vya Kiswahili. Huko ndiko alikosoma Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Kabla ya kuwa Rais mwaka 1995, Mkapa alikuwa mhariri. Na maisha yake ya uhariri yanatoa kipimo kizuri cha kuisomea tamthilia moja ya kejeli.

Tamthilia hiyo ni Pravda, ya Howard Brenton na David Hare, iliyooneshwa London mwaka 1985. Tajiri kutoka Afrika Kusini, Lambert Le Roux, ananunua magazeti ya Uingereza, na wahariri wanamnyenyekea. Mkono mtupu haulambwi. Wa Le Roux umejaa. Lakini jina la tamthilia, lenye maana ya "ukweli" kwa Kirusi, lilikuwa pia jina la gazeti la chama tawala cha Kisovieti. Kejeli inamchoma tajiri, na ncha yake inakigusa chama.

Tanzania iliwajua wamiliki wa aina zote mbili. Gazeti la The Standard lilikuwa mali ya Lonrho, kampuni ya London, hadi lilipotaifishwa Februari 1970. Mwalimu Nyerere alilipa hati: litetee ujamaa, lakini liwe huru kukosoa. Uhariri alikabidhiwa Frene Ginwala, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1971 tahariri ililaani kunyongwa kwa wakomunisti nchini Sudan, Ginwala akaondolewa. Tajiri hakuwapo tena, ila mpaka wa kalamu ulikuwapo.

Mwaka 1972 The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU alilolihariri Mkapa tangu 1966. Likazaliwa Daily News, na Mkapa akawa mhariri wake.

Fundisho la historia hii ni kwamba kubadili mwenye gazeti si kumfungua mwandishi. Misheni, kampuni, chama na serikali kila kimoja kilikuja na ukweli wake. Tamthilia inamcheka mnunuzi; historia inauliza swali gumu zaidi: mhariri atalindwa na nani siku atakapomkera mwenye gazeti aliye mwema?