Waliozamia Goetzen

Ukitaja "kuzamia" kwa vijana wa Ihanda, wengi wataelewa kuvuka mpaka pale Tunduma, kudandia lori, na siku moja kusikika uko Afrika Kusini huna makaratasi. Sawa, hiyo nayo ina historia yake. Mimi nazungumzia kuzamia kwenyewe: mtu kuteremka majini kutafuta meli iliyolala chini. Na meli yenyewe si ya ng'ambo. Ukifika Tunduma shika njia ya Sumbawanga, uteremke mpaka Kasanga. Hapo, kwa miaka mingi, ilikuwa ikitia nanga MV Liemba.

Ilizaliwa na jina jingine, Graf von Goetzen, gavana wa Kijerumani wa wakati wa Maji Maji. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye makasha kama 5,000. Makasha yakaja Dar es Salaam, kisha Kigoma. Mafundi watatu walitumwa kuiunga upya: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Iliposhushwa majini, tarehe 5 Februari 1915, vita vilikuwa vimeshapamba moto, nayo ikawa bwana mkubwa wa Ziwa Tanganyika.

Ubwana wenyewe haukudumu. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huku kwetu kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Juni wakaichukua Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Wabelgiji nao wakawa wanaisogelea Kigoma. Mzinga mkubwa wa Goetzen, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyofia Rufiji, ulikuwa umekwisha ng'olewa ukapiganie nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe.

Hapa nawapa heko wale mafundi, adui wasiwe adui. Hawakuilipua. Waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaiteremsha taratibu. Mtu anayezika hivyo hajakata tamaa, bwana. Anaweka akiba.

Akiba ikaliwa na wengine. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Wakaja Waingereza, na tarehe 16 Machi 1924 ikaelea. Karibu miaka minane tangu izikwe! Kumbe grisi ilifanya kazi yake: injini na maboila yalikuwa bado yanafaa.

Sasa hapo ndipo ninapogombana na vitabu. Majina ya mafundi watatu tunayo, mimi mwenyewe nimeyaandika hapo juu bila kusita. Lakini hebu fikiri. Meli ya mita 71 iliyojaa mchanga haiibuki kwa amri ya ofisa aliyesimama na kofia yake juani. Lazima mtu ateremke gizani apapase matundu, mwingine azibe, wengine wachote mchanga na kupiga pampu mpaka mikono itoke malengelenge. Siku ile ya mwisho, maji yalipoanza kuiachia, walikuwapo watu waliokuwa wanajua kwa vidole vyao kila bamba la chuma. Masimulizi yanayosomwa zaidi yanawaruka, yanasema tu "Waingereza waliiibua".

Ndiyo hesabu ileile ya wapagazi. Upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga, waliobeba risasi na unga kupita kwenye milima hii ya Wanyiha na Wanyamwanga. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa wakiwabebea Waingereza peke yao Afrika Mashariki ni 95,000 au zaidi, wengi kwa maradhi na njaa. Von Lettow-Vorbeck, yeye tunajua hata siku aliyojisalimisha: 25 Novemba 1918, Abercorn, ndiyo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Meli ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 na ikapewa jina la Liemba. Jina hilo Livingstone alilisikia mwaka 1867 kwa watu wa upande huu wa kusini wa ziwa. Walikuwa wakiliita hivyo kabla hajafika mgeni yeyote wa kuliandika. Gavana akafutwa ubavuni, likapakwa neno la wavuvi. Mwaka 1997 ilikuwa bado inakwenda, ikiwarudisha wakimbizi Kongo, maelfu kwa maelfu, kwa injini isiyo ya zamani tena lakini kwa chuma kilekile walichokipapasa wale watu majini.