Ukumbusho: Picha, Vyombo na Historia ya Wakazi wa Katanga ya Juu

Mtu akitaka kujua historia ya Koni, katika eneo la Likasi, nyaraka zitamweleza zaidi habari za maji na umeme. Mto Lufira ulizibwa kwanza Mwadingusha, ambako mtambo ulioitwa Francqui ulianza kazi mwaka 1930. Baadaye, upande wa chini wa mto huohuo, Koni nayo ikapata mtambo wake, uliopewa jina la Bia, mwaka 1950. Umeme ulikwenda kwenye viwanda vya shaba vya Union Minière, na maji yaliyozuiwa Mwadingusha yakafunika ardhi iliyogeuka kuwa ziwa Tshangalele. Mambo haya yamehifadhiwa katika taarifa za kampuni. Habari za aliyebeba mawe ya ukuta, za mkewe aliyemfuata kambini, na za aliyekuwa na shamba pale palipo maji leo, zimebaki vinywani mwa watu.

Makala haya yanachunguza namna wakazi wa ukanda wa shaba wa Katanga walivyozitoa habari za aina hiyo hadharani kwa njia ya picha na vyombo. Kwa kuwa Koni yenyewe haina jumba la makumbusho, itatubidi tufuate njia iendayo Likasi na hatimaye Lubumbashi, ambako jambo hili lilipata umbo lililo wazi zaidi.

Neno la kuanzia ni ukumbusho. Katika Kiswahili sanifu ni neno la kawaida, lakini katika Kiswahili cha Katanga lilipata kazi ya pekee: lilitaja picha za rangi zilizochorwa na mafundi wa mitaani, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, zikanunuliwa na wafanyakazi na kutundikwa sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo, walieleza kwamba thamani yake ilikuwa katika uwezo wake wa kuleta mawazo. Mgeni akiketi, akiona picha ya mfungwa anayechapwa mbele ya afisa wa Kibelgiji, mazungumzo yangeanza. Mwenye nyumba angesimulia ya baba yake, mgeni angesimulia ya kwao, na pengine wangebishana. Picha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa na waliokaa chini yake. Ndiyo maana mhakiki anayezipima kwa ustadi wa mkono peke yake hukosa lililo kubwa ndani yake.

Aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wengine ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazoeleza historia ya Zaire, naye akazisimulia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikinasa. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na kwa maoni yetu alistahili jina hilo. Chukua mfano wa mgomo wa Desemba 1941, ambapo wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kisha Élisabethville, ambako Léonard Mpoyi aliuawa. Taarifa rasmi huzungumzia askari waliofyatulia umati. Masimulizi ya wakazi, ambayo Tshibumba aliyafuata, humweka gavana Maron mwenyewe na silaha mkononi. Mtafiti wa nyaraka atasema kwamba hili halina ushahidi. Hata hivyo, simulizi hiyo inajibu swali ambalo taarifa rasmi iliruka: amri ile ilikuwa ya nani?

Biashara ya picha ilififia kadiri mishahara ilivyopungua thamani, kisha likaja jambo baya zaidi. Baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu Agosti 1992, wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi Katanga walianza kufukuzwa. Huko Likasi maelfu kwa maelfu walipiga kambi kwenye stesheni ya reli na katika shule, wakingoja treni za kuwapeleka Kasai. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, na wengi walikufa wakingoja au njiani. Kuanzia hapo kukumbuka kulikuwa na hatari yake. Ukisema kwamba mji ulijengwa na wote, unamtaja jirani aliyeondolewa, na nyumba ambayo sasa anakaa mwingine.

Katika hali hiyo mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulianza mwaka 2000, ukiongozwa na wanahistoria, miongoni mwao Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada. Wakazi waliombwa wasimulie maisha yao na walete vitu vyao, vikaonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Ni rahisi kuona kwa nini vyombo vilifaa. Katika nyumba ya mfanyakazi wa Union Minière, baiskeli, cherehani na gramafoni vilikuwa hesabu ya maisha: mshahara wa kwanza, harusi, cheo. Cherehani haiulizi aliyeishona nguo alitoka kabila gani. Tena ilimpa mwanamke nafasi ya kusema, nafasi ambayo picha za migomo na vita hazikumpa sana. Kitabu kimoja cha mradi, kilichotoka mwaka 2002, kilihusu wanawake, mitindo ya mavazi na muziki.

Kwa hiyo lililokuwa likifanyika sebuleni lilihamia ukumbini, mbele ya watu wasiofahamiana. Mtazamaji alikuwa pia shahidi. Lakini kuna kasoro ambayo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuitaja. Masimulizi mengi yalitolewa kwa Kiswahili, ilhali vitabu vikuu vilivyofuata viliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, naye aliiandika kwa Kiswahili. Tukilinganisha, hapa tumerudi nyuma hatua moja.

Kasoro ya pili ni ya mahali. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ameipiga Likasi picha katika mfululizo uitwao Vues de Likasi, na katika mfululizo wa Mémoire, wa mwaka 2006, amewarudisha wafanyakazi wa picha za zamani kati ya magofu ya kampuni. Kazi hizo zimeonyeshwa mbali sana na Katanga. Mzee wa Likasi anayeweza kusema ni nani aliyesimama mbele ya jengo fulani, au ni familia ipi iliyopanda treni mwaka 1992, hayupo ukumbini Bamako wala Paris. Koni iko mbali zaidi. Waliojenga mtambo wa 1950 wamebaki wachache, na wanaowakumbuka ni watoto wao, ambao wengi nao ni wazee sasa. Kinasa sauti na meza ya kuwekea vitu vyao vingetosha kuanzia, hata chini ya mwembe.