Joho la Mzee: historia fupi ya kukaa mkavu juu ya baiskeli

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea kazi ambazo wazazi wetu walizifanya walipofika Uingereza, na mimi nikataja kidogo tu joho la mvua la baba yangu. Sikutegemea, lakini meseji nyingi mlizotuma zilikuwa za joho hilo. Kumbe si mimi peke yangu niliyekua na mzee wa baiskeli. Basi niliahidi kuandika, na nikaanza kuchimba. Nilidhani nitaandika habari za makoti, nikafika mahali sikupategemea.

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa shule ya msingi hapa Manchester, Baba alikuwa anafanya zamu ya usiku kiwandani. Asubuhi anarudi na baiskeli, na siku za mvua (na nyie mnaijua Manchester) anakuja amevaa joho la manjano la pamba iliyopakwa mpira. Limefunika mabega, mikono, usukani, mpaka karibu na magoti. Kwa mbali lilikuwa kama hema linalotembea. Watoto wenzangu walicheka. Siku moja nikamwomba awe ananisindikiza mpaka kona tu, asifike getini. Hakuuliza kwa nini. Tangu siku hiyo aliishia kona.

Sasa nina miaka 36, na mimi naenda kazini kwa baiskeli, maili tano kwenda na tano kurudi. Mwaka jana nilinunua koti la mvua la kisasa kwa bei ambayo sijamwambia mtu nyumbani. Mvua ya kwanza ya Oktoba nikafika ofisini nimelowa mgongo wote, na ushungi umenishika shingoni kama kitambaa cha kufutia vyombo. Jioni nikampigia simu Baba kulalamika. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza, kisha akacheka.

"Mwanangu, hiyo si mvua. Hilo ni jasho lako mwenyewe."

Alikuwa sahihi. Ukipiga pedeli, sehemu ndogo tu ya nguvu ya mwili, kama robo hivi, ndiyo inayosukuma baiskeli. Nyingine yote inakuwa joto, na mwili unalitoa kwa jasho. Kwa hiyo mwendesha baiskeli ana maji mawili ya kupambana nayo: yanayotoka juu na yanayotoka ndani. Ukizuia ya juu kabisa, umeyafungia ya ndani. Historia nzima ya nguo za mvua ni watu kupambana na hayo maji mawili, na kila waliposhinda, kuna mtu mahali pengine alilipa.

Sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia hapa hapa mjini kwetu. Charles Macintosh alikuwa mkemia wa Glasgow. Wakati ule viwanda vya gesi ya taa vilikuwa vinabakiza lami nyingi ya makaa ya mawe, uchafu ambao hakuna aliyejua aufanyie nini. Macintosh aligundua kwamba mafuta ya nafta yanayotokana na lami hiyo yanayeyusha mpira. Akapaka mpira ulioyeyuka kati ya vitambaa viwili, akavigandamiza vikawa kimoja. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1823. Kisha akaungana na akina Birley, matajiri wa viwanda vya pamba wa Manchester, wakajenga kiwanda mtaa wa Cambridge Street, Chorlton-on-Medlock. Mimi napita karibu na hapo kila siku. Pamba iliyokuwa inasokotwa mjini humu zama zile ililimwa zaidi na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mpira ulitoka misitu ya Brazili. Manchester yenyewe ilitoa makaa, mashine na mvua.

Makoti ya kwanza yalikuwa na shida zake. Baridi ikizidi yanakakamaa kama ubao. Jua likiwaka yananata na kunuka. Mafundi cherehani waliposhona, kila tundu la sindano likawa mlango wa maji. Mwaka 1843 Thomas Hancock, mshirika wa Macintosh, alipata hati ya njia ya kupika mpira na salfa ili usinate wala usikakamae. Mwaka uliofuata Charles Goodyear akapata hati yake Marekani kwa njia hiyo hiyo. Shida ya kunata ikaisha. Shida ya jasho ikabaki palepale.

Halafu ikaja baiskeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma. Ndiyo babu wa baiskeli zetu zote. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi la upepo, ambalo alikuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ghafla watu wa kawaida wakawa wanasafiri maili nyingi kwa miguu yao wenyewe, na mvua ikawakuta njiani.

Hapo ndipo joho likapata kazi yake. Koti linabana mwili; joho linaning'inia. Unaliweka juu ya usukani, unaingiza vidole gumba kwenye vitanzi vilivyoshonwa kwa ndani, na chini linabaki wazi. Mvua inateremka nje, hewa inapanda kutoka chini na kubeba jasho. Ukiongeza madigadi marefu ya kuzuia maji ya barabarani, na sufu mwilini ambayo hata ikilowa haikupi baridi kali, umekamilika. Ubaya wake ni upepo: wa ubavuni unakusukuma, wa mbele unakushika kama tanga la jahazi. Ila kwa mtu asiye na haraka, mjini, sijaona kilicho bora zaidi. Mzee wangu hakusoma fizikia. Aliliona joho kwa wenzake wa zamu akalinunua.

Sasa tufike pale sikupategemea.

Baiskeli, na baadaye magari, vilitaka mpira mwingi kuliko Brazili ilivyoweza kutoa. Bei ikapanda, na macho yakageukia Afrika. Pwani yetu ilikuwa tayari kwenye biashara hiyo. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea, aliutambulisha kwa wataalamu wa Ulaya mmea utambaao wenye utomvu wa mpira, na mpaka leo una jina lake: Landolphia kirkii. Ni wa ukoo mmoja na mbungo, huu huu tunaokamulia juisi ya mabungo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1870 mpira wa porini ukawa bidhaa kubwa ya Kilwa na Lindi, ukipitia Unguja kwenda Ulaya.

Kongo hali ilikuwa nyingine kabisa. Kuanzia 1885 nchi yote ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Wanaume waliingia msituni siku nyingi kutafuta utomvu, wake zao wakishikwa mateka mpaka warudi. Askari waliopewa risasi walitakiwa kuonyesha mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyotumia, na mikono haikukatwa kwa maiti tu. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, amekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Nimeitazama picha hiyo mara moja tu, na sikuirudia.

Aliyepiga kelele Uingereza alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel. Alitazama hesabu za Antwerp akaona meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zinazokwenda zimebeba zaidi bunduki na risasi. Akajiuliza: kama hakuna cha kuwalipa watu wale, basi mpira unapatikanaje? Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilithibitisha, na mwaka huo huo wakaanzisha Congo Reform Association. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Tuseme haki: Macintosh alikufa 1843, zamani kabla ya hayo. Na mpira ukishafika sokoni unachanganyika, kwa hiyo joho na tairi la mtu wa Manchester mwaka 1900 havikuandikwa vimetoka wapi. Ndivyo soko linavyofanya kazi. Aliyekaa mkavu hakulazimika kujua.

Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira Tanganyika, mengi yakiwa upande wa Tanga na Morogoro. Walipanda aina iitwayo Ceara, jamaa ya muhogo. Lakini Waingereza walikuwa wameshahamisha mbegu za mpira wa Brazili: Henry Wickham alizipeleka Kew, London, mwaka 1876, na zikazaa mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon. Mpira wa huko ukaushinda wetu kwa ubora na bei. Mwaka 1913 bei ikaanguka, na mashamba mengi ya Tanganyika yakaachwa yakawa vichaka.

Februari 1942 Wajapani wakaiteka Singapore, na Malaya yote ikawa mikononi mwao. Ghafla miti ile iliyosahauliwa ikakumbukwa. Serikali ya kikoloni ikatumia sheria za vita kuwalazimisha watu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya mpira.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nilisimama. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mtu wa Muheza. Nyumbani siku zote tuliambiwa "alifanya kazi shamba la wazungu wakati wa vita." Nilidhani ni mkonge, maana Tanga kwangu ni mkonge. Nikampigia Baba.

"Mkonge? Hapana. Mpira. Alikuwa anagema mpira."

"Alikwenda mwenyewe?"

"Alikuja kuchukuliwa. Orodha ilikwenda kwa jumbe, jina lake likawemo." Akanyamaza kidogo. "Alikuwa anasema wanaanza alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Hakuwahi kuwa na koti la mvua maishani mwake, babu yako."

Sijui kama Baba alipolinunua joho lake aliliwaza hilo. Nilimuuliza. Akasema alikuwa anawaza mafua.

Nimalizie historia, maana haikuishia kwenye mpira. Wakati wa vita hiyo hiyo, watafiti wa Shirley Institute, hapa hapa Manchester, walitengeneza kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile. Walianza kwa kutafuta mbadala wa kitani cha mipira ya zimamoto, wakaishia kwenye nguo za marubani wanaoanguka bahari ya baridi. Pamba yake ikilowa nyuzi zinavimba na kuziba nafasi, ikikauka inapumua. Halafu mwaka 1969 Bob Gore, huko Delaware, aliivuta kwa nguvu plastiki ya PTFE ikatanuka na kuacha vitundu vidogo mno: tone la mvua halipiti, mvuke wa jasho unapita. Mwaka 1976 kitambaa cha Gore-Tex kikaanza kuuzwa. Ndilo koti langu la bei ya siri. Lakini ukipiga pedeli kwa nguvu, mvuke ni mwingi kuliko vitundu vinavyoweza kupitisha, na sehemu ya nje ikilowa kabisa, unabaki umefungiwa kama kawaida.

Na bili nayo imekuja. Kemikali za ukoo wa PFAS, zilizotumika miaka mingi kufanya maji yateleze juu ya makoti, hazivunjiki kirahisi. Zimekutwa kwenye mito, udongo na damu za watu. Ufaransa imepiga marufuku nguo zenye kemikali hizo kuanzia 2026, na watengenezaji wengi wameanza kuziacha. Safari hii maji machafu yametufikia na sisi tunaovaa, labda ndiyo maana sheria imekuja haraka.

Sisemi tutupe makoti tulowe. Mimi langu ninalo bado, na nitalivaa mpaka lichanike, maana kulitupa ni hasara mara mbili. Ila siku za kazi sasa natumia joho. Mwezi uliopita Baba alilitoa stoo. Mpira umepasuka kwenye mikunjo, vitanzi vya vidole vimeoza. Nimeweka vitanzi vipya, nimeziba nyufa kwa gundi ya viraka vya tyubu. Linavuja begani kushoto. Mgongo na ushungi vinafika vikavu.

Jumanne iliyopita nilimpitia binti yangu shuleni nikiwa nimelivaa. Wenzake walicheka. Aliniangalia, na nikajua anachotaka kuniomba.

Hajaniomba bado. Akiomba nitaishia kona, kama Baba. Lakini usiku wake nitamsimulia habari za babu yangu wa Muheza, kwa sababu mimi sikusimuliwa, na sikuuliza.

Kama una mzee aliyefanya kazi au aliyekuwa na mzazi kwenye mashamba ya mpira, Tanganyika au Kongo, mkalishe umrekodi hata kwa simu. Kisha tuandikie. Tungependa kufanya kipindi kizima.